Kifungo cha Tatu

Valdivia, mvua ya Julai haibishi hodi.
Imeshika bati la chuo tangu alfajiri,
na sisi kumi na wanne, makoti yakichuruzika,
tumekaa kungoja mhadhara, kalamu wazi.

Profesa Catrileo hakuleta mhadhara.
Alileta kapu: vitambaa vya kufungia,
viazi, visu butu, na mashati ya mtumba
yenye harufu ya makabati ya watu wengine.
"Ufungeni mkono mnaoutegemea," alisema,
"kisha mvae."
Akaketi karibu na jiko la kuni
akinyonya chai yake chungu kwa mrija wa chuma.

Kifungo cha kwanza nilikipata kwa bahati.
Cha pili kwa meno.
Cha tatu, jamani,
cha tatu kilikuwa kifungo kweli,
miezi sita bila faini.
Tundu lilinikimbia, kitambaa kikateleza,
jasho likanitoka katika baridi ile,
na Nahuel kando yangu alikuwa keshatukana
kiazi, kisu, na mama aliyekizaa kisu.

Mwaka jana niliandika kwenye mtihani:
*Mgonjwa atavaa shati kwa hatua sita.*
Nilipata alama zote.
Hatua sita! Nani alizihesabu,
na alikuwa na mikono mingapi?

Tukamwomba profesa jibu. Akatuomba sisi.
Tukanyamaza. Akanyamaza, akatushinda.
Ni Ignacia aliyelilaza shati mezani,
akalifunga likiwa tupu, kifungo baada ya kifungo,
kisha akalipitisha kichwani kama fulana.
Akapiga yowe kama aliyevumbua moto.
"Na kola ikikaba?" aliuliza profesa,
akaongeza ukuni.

Alhamisi akaja Don Eleuterio Oyarzo,
kinyozi wa miaka arobaini na mmoja,
ambaye kiharusi kilimnyang'anya upande wa kulia
katikati ya kichwa cha mteja.
Tulikuwa tumejiandaa: mpango wa kurasa nne,
kijiko chenye mpini mnene, ndoano ya vifungo,
na shati letu la mezani, fahari yetu.
Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho.
"Vifungo hunifunga mke wangu," alisema polepole,
maneno yakimtoka kwa upande mmoja wa mdomo.
"Ni dakika tano za siku ambazo hatugombani.
Msiniondolee."

Kurasa nne zikalowa mikononi mwetu
bila mvua.

Kisha akamtazama Nahuel kidevuni.
"Ila ndevu za huyu zinaniudhi."

Profesa hakusema ndiyo, hakusema la.
Alituuliza: "Mnaonaje?"
Na kwa mara ya kwanza tulibishana kwa haki,
si kwa ajili ya alama:
wembe gani, kiti kipi, bega litaegemea wapi,
nani atakufa kwanza, Nahuel au cheti chetu.
Tukapuliza maputo, tukayapaka povu la sabuni.
La kwanza lilipasuka. La pili. La tatu
lilipasuka akicheka, na kicheko kikamyumbisha.
La nne lilitoka jeupe, kavu, zima,
naye akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha
kama mtu anayesoma barua.

Kazi yangu ilikuwa kushika kiwiko chake cha kushoto.
Kushika ni rahisi, kila kitabu kinaeleza.
Lakini mkono ule ulianza kunivuta,
ukajua unakokwenda, chini ya sikio, kwenye taya,
na hakuna ukurasa niliokumbuka
uliosema ni lini kuachia.
Niliachia mapema mno. Tone moja la damu.
Don Eleuterio akalibana kwa kidole gumba
akaendelea, wala hakuniangalia.

Kengele ililia tukiwa nusu.
Mke wake alishafika, mwavuli mkononi.
"Shavu la pili Alhamisi ijayo," alimwambia Nahuel,
"na usiliguse."

Nahuel akatoka hivyo, akapita daraja,
shavu moja laini, jingine msitu,
watu wakigeuka kumtazama kwenye mvua.
Mimi nilibaki nikikusanya mipira iliyopasuka,
na nilipofika nyumbani ndipo nilipoona
shati langu mwenyewe:
kifungo cha tatu kiko kwenye tundu la nne.